Amekonda, Amechoka, Hakuna Kinachoonekana: Apimwe Saratani Mara Moja?

Mwanamke akijigusa titi akakuta kivimbe, njia yake inajulikana: yupo daktari bingwa wa kumwona, ipo picha ya kupigwa, ipo sindano ya kuchukua kinyama. Mzee akikojoa damu, hali kadhalika. Lakini yuko mgonjwa wa namna nyingine. Nguo zimeanza kumpwaya, chakula hakimvutii, anaamka amechoka kama hakulala, na tumbo linamuuma bila yeye kuweza kuweka kidole akasema ni hapa. Huyu apelekwe kwa bingwa gani? Dalili zake huonekana pia kwa wenye kifua kikuu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na sonona, na mara nyingi hupita zenyewe. Saratani ni mara chache. Ila ndani ya hizo mara chache zimo saratani zinazojificha kuliko zote: ya kongosho, ya ovari, ya tezi za limfu, na mieloma, ile inayoanzia kwenye uboho wa mifupa.

Uchambuzi wa majibu ya wagonjwa wa saratani nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha pengo hilo wazi. Nusu ya wagonjwa wa mieloma walikuwa wamemwona daktari wao mara tatu au zaidi kabla ya kupewa rufaa. Kwa saratani ya matiti walikuwa kama 7 tu katika kila 100. Madaktari ni walewale. Mieloma huanza kwa maumivu ya mgongo na uchovu, na watu wanaoumwa mgongo ni wengi mno. Kwa hiyo siungi mkono lawama za haraka kwamba daktari wa kwanza alizembea. Mara nyingi alifanya kile ambacho mwenye busara angefanya siku ile, kwa taarifa za siku ile.

Denmark ndiyo iliyolivalia njuga jambo hili mapema. Kufikia mwaka 2008 ilikuwa inaanzisha njia za haraka za rufaa, kila saratani na njia yake. Baadaye ikabainika kwamba karibu nusu tu ya wagonjwa wa saratani huanza kwa dalili ya wazi ya kutisha, na waliobaki hawana njia ya kuingilia. Ndipo kati ya mwaka 2011 na 2012 ikaenea njia mpya kwa wenye dalili nzito zisizo bayana. Daktari wa kwanza huagiza vipimo vya damu, mkojo na picha. Jibu lisipopatikana na wasiwasi ukabaki, mgonjwa huenda kwenye kituo cha uchunguzi ambako huchunguzwa mwili wake wote, si kiungo kimoja. Uingereza ilianza majaribio yake mwishoni mwa mwaka 2016, na mpango wa afya wa mwaka 2019 ukaagiza vituo hivyo vienezwe.

Miongoni mwa sababu zinazokubalika kumpeleka mgonjwa huko ni machale ya daktari. Wapo wanaoliona hili kama kurudi kwenye kubahatisha. Mimi naliona kinyume. Daktari aliyemjua mtu kwa miaka kumi huona rangi iliyopauka, hatua iliyopungua, mcheshi aliyenyamaza, na hakuna fomu yenye kisanduku cha mambo hayo. Mashaka yangu ni kwa mgonjwa anayekutana na daktari mpya kila akija. Kwake yeye, machale hayana pa kuota.

Je, vituo hivyo vinafanya kazi? Katika majaribio ya Uingereza wagonjwa 2,961 walipelekwa, na 241 wakakutwa na saratani, yaani 8 katika kila 100. Wengine wengi walikutwa na magonjwa mengine yanayohitaji tiba. Watetezi huongeza hoja ambayo kwangu ina uzito kuliko takwimu hizo: nchini Uingereza takribani saratani moja kati ya tano hugunduliwa mgonjwa akiwa ameshafikia dharura, na wanaogunduliwa hivyo huishi muda mfupi zaidi. Kila anayenaswa kabla ya kufika huko ameepushwa na kitu kibaya, hata kama ugonjwa wake umeshasambaa.

Wanaopinga nao hawabishi kwa ukaidi. Wanauliza kuhusu wale 92 katika kila 100 ambao hawakukutwa na saratani. Hao nao wamelala usiku wakiwaza kifo, na wengi wamepigwa picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, ya kifua, tumbo na nyonga, yenye mionzi inayoweza kulingana na ile ambayo mtu hupokea kutoka kwenye mazingira kwa miaka kadhaa. Tena picha hiyo huona kisichotafutwa. Kwa watu wazima wanaopigwa CT ya tumbo, kama 4 katika kila 100 hukutwa na kivimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, na vingi havina madhara yoyote. Lakini kikishaandikwa kwenye ripoti, hakuna daktari anayethubutu kukinyamazia. Inakuja picha ya pili, kipimo cha homoni, na miezi ya kungoja.

Mfano unaotajwa sana ni Korea Kusini. Huko, kuanzia mwaka 1999, upimaji wa saratani ulipanuka na watu wakawa wanaongezewa kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) cha tezi ya shingo. Kufikia mwaka 2011 saratani ya tezi hiyo iligunduliwa mara 15 zaidi ya mwaka 1993, ilhali vifo havikubadilika. Maelfu walikatwa tezi na kubaki kumeza dawa maisha yao yote. Onyo hilo ni la kweli, ila lisitumiwe pasipo mahali pake. Wale walikuwa wazima wasiolalamika lolote. Mtu aliyepungua kilo nane bila kutaka si mzima anayetafutiwa ugonjwa.

Hoja ya foleni ndiyo inayonisumbua zaidi. Mashine ya CT ni ileile, na msoma picha ni yuleyule. Ukimwingiza mwenye uchovu leo, huenda mwenye kivimbe cha wazi akasogezwa wiki ijayo. Ndiyo maana kila mfumo hulazimika kuchora mstari mahali fulani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliuchora kwenye asilimia 3: dalili zikifikia uwezekano huo wa saratani, mgonjwa apewe rufaa ya haraka. Zamani kizingiti kilikuwa juu zaidi. Hakuna hesabu inayosema 3 ni sahihi na 2 ni kosa. Ni uamuzi wa watu kuhusu wangapi wahangaishwe ili mmoja apatikane, na ingefaa wananchi waujue kwa sura hiyo.

Wengine wanatumaini damu itamaliza ubishi. Upo ushahidi kwamba kipimo cha kawaida cha damu hufichua zaidi ya tunavyokisoma. Katika utafiti wa mwaka 2017 wa watu wa miaka 40 na kuendelea, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilipopanda kupita kawaida, karibu wanaume 12 katika 100 na wanawake 6 katika 100 walikutwa na saratani ndani ya mwaka mmoja. Vipimo vipya vinavyosaka vinasaba vya saratani nyingi kwa mpigo vilijaribiwa Uingereza na Wales kwa zaidi ya wagonjwa 5,000 wenye dalili, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Kipimo kiliposema ipo, robo tatu ya mara ilikuwepo kweli. Ila kiliikosa theluthi ya saratani zote, na katika hatua ya kwanza kiliona kama robo tu. Jibu la hapana kutoka kwenye kipimo cha namna hiyo halitoshi kufunga faili.

Mimi naunga mkono mlango ufunguliwe, kwa masharti mawili. La kwanza ni chujio. Vipimo vya msingi vifanywe kwa pamoja ndani ya siku chache, si kimoja wiki hii na kingine mwezi ujao. Na uzito upimwe kwa mizani, uandikwe. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya nusu mwaka bila kukusudia amefikia kiwango cha kuchunguzwa, lakini nani atajua kama uzito wake wa mwanzo haukuandikwa popote?

La pili ndilo ambalo mjadala huu wa kasi unalipita juu juu. Vipimo vikitoka safi na mgonjwa bado anakonda, yeye ni wa nani? Bingwa wa tumbo amesema si tumbo. Bingwa wa mapafu amesema si mapafu. Kila mmoja amesema kweli, na mgonjwa amerudi nyumbani na karatasi mbili njema na mwili uleule. Eksirei ya kifua hukosa takribani saratani moja ya mapafu kati ya tano, kwa hiyo "picha haina kitu" haina maana ya "huna kitu". Kumwambia mtu arudi akiona hajapona hakutoshi. Aliyeambiwa mara tatu kwamba hana tatizo huanza kuona haya kurudi, na huvumilia mpaka macho yageuke manjano. Apewe tarehe, na jina la mtu mmoja anayebaki na dhima yake hadi swali lijibiwe. Katika vituo vya Uingereza mgonjwa huwa na mratibu wa kumpigia simu, na sehemu hiyo naihesabu kuwa tiba sawa na mashine.

Ripoti za vituo hivi huanza na idadi ya saratani zilizopatikana. Mimi ningeanza na walioambiwa wako salama: wangapi kati yao walikutwa na saratani ndani ya mwaka uliofuata, ikiwa katika hatua gani, na ni nani aliyewafuatilia mpaka ikajulikana.