Asali mbichi na kikohozi cha mtoto

Mama akifika kliniki hapa Mwanza na kusema amempa mtoto asali, mara nyingi hukaripiwa kabla hajamaliza kueleza. Chanzo cha ukali huo nakielewa. Sokoni utakuta chupa za maji zilizojazwa "asali mbichi ya Tabora", na muuzaji anaapa kwamba inaponya kisukari, vidonda vya tumbo na mengine mengi. Mwenye kisukari akimwamini anajiumiza, maana takriban asilimia 80 ya asali ni sukari tupu.

Ila kikohozi kina habari yake. Shirika la Afya Duniani liliitaja asali kuwa kituliza koo tangu 2001. Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti zilizofanyika kwa watoto, wakaona huenda inapunguza kikohozi kuliko kumwacha mtoto bila dawa. Mwaka huohuo Uingereza ikawashauri madaktari wake waanze na asali kwa kikohozi cha kawaida kabla ya kukimbilia antibiotiki.

Hapo kwenye antibiotiki ndipo roho inaponiuma. Kikohozi cha mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Hata hivyo, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mtoto akikohoa usiku mmoja tu, asubuhi mzazi yuko duka la dawa. Ananunua nusu dozi, mtoto akichangamka vidonge vinavyobaki vinawekwa kabatini. Bakteria wanaizoea dawa, na siku nimonia ya kweli ikiingia, dawa ileile inagoma. Kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala kingetosha usiku ule. Na tusidhani sirapu za dukani ni salama siku zote: Oktoba 2022 dunia ilitahadharishwa kuhusu sirapu zilizohusishwa na vifo vya makumi ya watoto Gambia.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hapana kabisa, hata ile ya kumlambisha siku ya kuzaliwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli, ambazo utumbo wake hauwezi kuzidhibiti, na kuichemsha jikoni hakuziui.

Mtoto anayehema haraka au kubonyea kifua apelekwe hospitali usiku huohuo. Kwa wengine, mhudumu amuulize mama umri wa mtoto na jinsi anavyopumua. Majibu yakiwa mazuri, amwache aendelee na asali yake.