Cheamani Alipoisalimia Miguu Yangu

Asubuhi ya Jumamosi ile binti yangu alizunguka nyumba nzima akitafuta soksi moja ya shule. Nyeupe, yenye mstari wa kijani juu. Nikamwambia kwa sauti ya kiualimu kwamba katika nyumba hii vitu havipotei, ila kuna watu wasiojua kutafuta. Kisha nikavaa gambuti nilizoazima kwa jirani, nikatoka kwenda kujitolea kwenye nyumba moja ya zamani tunayoikarabati.

Sisi ni watu wa Walukuba, Jinja, Uganda. Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, zama zile mji unajaa viwanda na bwawa la Owen Falls ndiyo kwanza linakuja (lilifunguliwa 1954, na Malkia Elizabeth mwenyewe alikuja kulifungua). Wafanyakazi walitoka pande zote: Waluo, Wasamia, Wagisu, Wanubi, Waacholi, na Wasoga wenye ardhi yao. Ndiyo maana mikutano yetu ni ya Kiswahili. Baraza la mawaziri lilipokubali kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022, jirani yangu aliuliza tu, "Kumbe walikuwa bado?"

Nyumba yenyewe iko mjini, kwenye ile mitaa ya nyumba za Wahindi. Ina baraza mbele, nguzo nne, na paa la vigae vya Mangalore, vile vyekundu vya udongo vilivyoletwa kwa meli kutoka India. Mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye paji lake: 193, halafu tarakimu ya nne imeliwa na kuvu. Wenyewe waliondoka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90. Baada ya hapo ikakaliwa na wapangaji, kisha wapangaji wa wapangaji, kisha mbuzi, na mwisho popo. Familia iliporudishiwa haikuwa na mtu wa kuja kuikaa, hivyo wakakubali kikundi chetu kiikarabati iwe maktaba ya watoto.

Mimi nafundisha hesabu. Sijui hata mmoja wetu aliyeniuliza habari za ujenzi, lakini siku ya kwanza kabisa nilisimama nikapendekeza tununue mifuko kumi ya simenti tumalize kuta zote kwa wiki mbili. Nilitumia neno "kisayansi" mara tatu.

Fundi wetu ni mzee mmoja wa Kinubi ambaye kila mtu humwita Afande, ingawa hajawahi kushika bunduki. Hakubishana nami. Alinishika mkono, akanipeleka ukutani, akasema, "Chomeka ukucha." Nikachomeka. Ukazama kama kwenye mkate wa jana.

"Hii ni chokaa, mwalimu. Mvua ikinyesha inakunywa maji, jua likitoka inayatoa. Inapumua. Ukiipiga simenti juu, maji yanabaki ndani yakitafuta pa kutokea." Akanipeleka jikoni, ambako mpangaji mmoja wa zamani alikuwa na akili kama yangu. Simenti ilikuwa imejitenga na ukuta. Afande akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ko, ko, ko, kama kibuyu kikavu. Akasukuma kidogo. Bamba lenye ukubwa wa mlango likaanguka lote, na nyuma yake matofali yalikuwa yamelowa kana kwamba yametoka ziwani.

Nikanyamaza, ila nilichelewa kunyamaza. Kazi zilipogawanywa, akina mama walipewa kuta za kukwangua, vijana wa steji ya bodaboda wakapewa vigae na bustani. Mtu wa sayansi akapelekwa darini, kwa popo.

Niseme kweli, kazi ya popo niliifanya vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Hawa wa darini ni wadogo, wanaokula wadudu, na hatukutaka kuwaua. Tulisubiri hadi watoto wao wakaweza kuruka. Kisha tukaziba matundu yote isipokuwa mawili, na kwenye hayo mawili tukaning'iniza wavu: popo akitoka jioni anapenya chini yake, akirudi alfajiri hapati njia. Baada ya wiki moja walibaki wachache tu wakaidi. Kilichobaki kwa wingi kilikuwa mavi. Nilivaa barakoa, nikayanyunyizia maji kwanza, maana yakiwa makavu vumbi lake lina kuvu inayoharibu mapafu, nikayajaza kwenye magunia. Hajati mmoja wa kikundi chetu alikwisha kuyaweka oda yote kwa ajili ya bustani yake ya mboga za nakati. Alikuwa akinipigia simu kuulizia magunia yake kama mtu anayeulizia mzigo wake bandarini.

Afande aliniachia amri moja tu: "Kanyaga boriti. Dari usiikanyage."

Sasa, Jumamosi ile kulikuwa na wageni. Mama mmoja aliyezaliwa katika nyumba ile, akaondoka msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa amekuja kutoka Leicester kuiona. Cheamani wa LC1, yaani baraza la mtaa, alivaa suti ya rangi ya maziwa. Kulikuwa na pasta, sheikh, viti vya plastiki vya kukodi, na sinia la mandazi limefunikwa kitambaa. Mimi nilipaswa kuwa nimeshuka saa tatu, nimeoga. Saa tano bado niko juu, natoka jasho, nanuka popo, na ngazi yangu vijana walikuwa wameichukua kwenda kufunga mapambo getini.

Nikajiambia, si neno, nitakaa kimya huku juu mpaka waondoke. Ingekuwa hivyo kama cheamani asingeanza kutoa shukrani.

Aliwashukuru akina mama, akawashukuru mafundi, hata aliyeleta maji kwa baiskeli akatajwa. Halafu nikamsikia akisema, "Na kwa kazi ngumu ya kuwaondoa popo, tuwapigie makofi vijana wetu wa steji!"

Vijana wa steji! Watu ambao siku popo mmoja alipowapitia juu ya kichwa walikimbia wakaacha pikipiki zinanguruma!

Nikasogea nisikie vizuri, pengine kuna "na pia" inayofuata. Boriti iliyokuwa mbele yangu ilikuwa mbali kidogo. Katikati palikuwa na kipande cha dari tofauti na vingine: vingine vimekuwa vyeusi kwa uzee, hiki kilikuwa cha mbao nyeupe, na kilikuwa na herufi nyeusi zilizopigwa muhuri. Nikawaza: hiki ni kipya, tena ni cha kiwandani, kina muhuri.

Mguu wa kulia ukaenda. Wa kushoto, kwa kuwa wamezoea kushirikiana, ukaufuata.

Sikufika chini. Nilikwama kiunoni kati ya boriti mbili, na hapo nawashukuru wote walionipikia kwa miaka kumi na mitano iliyopita. Nusu yangu ya juu ilibaki gizani na popo wakaidi, ambao sasa walikuwa wananizunguka kuuliza kulikoni. Nusu ya chini ilikuwa mkutanoni. Karai la mavi mabichi lililokuwa pembeni yangu lilipita tundu lile lile, na kutokana na ukimya uliofuata nilijua suti ya maziwa ilikuwa imesimama wapi.

"Nani huyo?" ilikuwa sauti ya cheamani.

"Ni mimi, cheamani."

"Mimi nani?"

"Mwalimu."

Kimya kidogo. Kisha, kwa sababu cheamani wetu ni mtu wa adabu, akasema, "Mwalimu, hujambo?"

"Sijambo, cheamani. Za hapo?"

"Nzuri. Umemaliza kazi?"

"Bado kidogo."

Nikajaribu kujiinua. Gambuti ya kulia, ambayo niliwaambia ni ya kuazima na haikuwa saizi yangu, ikachomoka. Nikasikia sinia. Nikasikia mtoto akisema, "Mandazi!" Kisha Hajati, akipaza sauti juu ya wote: "Msikanyage! Hiyo mbolea ina mwenyewe!"

Mtu akatumwa kufuata ngazi getini. Ngazi ilikuwa imefungwa maputo, na inaonekana kulikuwa na mjadala kama yafunguliwe au ije nayo. Wakati huo cheamani aliangalia karatasi yake. Yeye programu akishaianza haikatizwi na mtu, sembuse nusu mtu. "Kinachofuata," akasema, "ni maombi." Pasta akaomba. Aliombea nyumba, akaombea waliotoka mbali, halafu akasita na kusema, "na huyu mja wako aliyeko kati ya mbingu na dunia." Watu wote wakajibu amina, na mimi nikajibu huko juu. Sikuwa na ujasiri wa kuacha.

Baada ya amina ndipo nikasikia mtu anacheka. Ilikuwa kicheko cha mtu anayejizuia na anashindwa, kwikwi kwikwi, kisha kikafunguka chote. Alikuwa mama wa Leicester.

"Mwalimu," akaita, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani cha zamani, hakijashika kutu hata kidogo. "Kile kipande ulichokanyaga, kilikuwa cheupe kuliko vingine?"

"Ndiyo, mama."

"Kina maandishi meusi?"

"Ndiyo, mama. Muhuri."

"Si muhuri. Ni sanduku la majani ya chai!"

Akawaeleza watu wote, mimi nikisikiliza kwa juu. Miaka mitatu kabla ya kuondoka, kaka yake alipanda darini kufuata njiwa, akatumbukia pale pale, juu ya meza ya chakula. Baba yao alikuwa Kampala kufuata mali ya duka. Usiku ule watoto walivunja sanduku la chai la dukani, wakapigilia kipande, na upande wa chini wakaupaka chokaa ufanane na dari. "Baba alikula chakula chini ya kipande hicho miaka mitatu," akasema. "Ametoka Uganda, amekufa Leicester, hakujua." Alikuwa ameokota kipande kilichovunjika, nilisikia akikipangusa kwa kiganja, na sauti yake ikashuka. Akakisoma, herufi kwa herufi.

Nilitaka kujua jambo moja. "Mama, kaka naye alikwama?"

"Hapana," akasema. "Yeye alikuwa mwembamba."

Ngazi ikaja, na maputo yake. Afande, mzee wa miaka sabini na kitu, alitembea juu ya boriti kama paka wa msikitini, akanishika kwapani, na huko chini cheamani mwenyewe akawa anasukuma mguu usio na kiatu. Nilitoka kama mzizi wa muhogo. Afande hakusema kitu. Alilichungulia lile tundu, akanitazama, akasema tu, "Kisayansi."

Mama wa Leicester aliomba kile kipande, akakifunga kwenye mtandio, akaondoka nacho.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa nimejipanga jinsi ya kuieleza habari hii kwa ufupi. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini na simu. Picha ilikuwa imekwisha kupita kwenye makundi matatu ya WhatsApp, moja la wazazi wa shule. Chumba kizuri chenye kuta nyeupe, wageni wameinamisha vichwa wakiomba, na juu yao miguu miwili. Mmoja una gambuti. Mwingine una soksi nyeupe, yenye mstari wa kijani.

Binti yangu aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa makini, kisha akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "kumbe kweli vitu havipotei."

Akanyoosha mkono. Nikaivua pale pale mlangoni. Mstari ulikuwa bado upo, ila si wa kijani tena.