Mumunye halina kosa

Nimechoka kusikia eti mumunye ni maji matupu, chakula cha mgonjwa. Anayesema hivyo mfuatilie, utakuta alibeba jitu la kuwekwa begani kwa kuwa bei haikupishana sana na ya dogo. Nami nilipita huko. Pale soko la Mgandini, Tanga, nilikumbatia moja nene kama mchi wa kutwangia. Mama muuzaji akaniangalia. "Mwanangu, hilo waachie wanaotaka kibuyu." Sikumsikia. Usiku tulitafuna sponji yenye mbegu.

Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani. Sisi tumeifanya methali ya kuwasutia watoto wa watu, ilhali kabla ya yote ni maelekezo ya sokoni! Chukua lisilozidi urefu wa kiganja hadi kiwiko, la kijani mpauko, ambalo bado lina vinyweleo laini. Ukucha uzame bila kushindana. Mbegu zikicheza ukilitikisa, rudisha.

Nyumbani usilioshe mpaka siku ya kulipika. Likiwa zima hukaa siku kadhaa kivulini penye hewa. Baridi kali ya friji hulitia madoa. Likishakatwa, lifunike, litie kwenye friji, kesho yake lipikwe.

Jambo moja sifanyii mzaha: onja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, tupa. Usijidanganye kwamba nazi itaficha, maana uchungu ule ni sumu na moto hauiondoi. Huko India, ambako hulikamua juisi, wapo waliokufa kwa kunywa ya mumunye chungu.

Sasa ugomvi wangu na wapishi: nani aliwaambia muongeze maji? Limenye, likatekate vipande vinene, bandika na kitunguu, chumvi na pilipili mbuzi nzima. Funika, moto mdogo. Litatoa maji lenyewe. Yakikaribia kukauka mimina tui zito, koroga taratibu lisikatike, likitokota kidogo tu epua. Mimi hutupia uduvi uliokaangwa mkavu.

Ramadhani ikifika, kitunguu na pilipili hutoka, sukari na iliki huingia, na kwetu ubishi huanza hapo. Mama mkwe hushikilia kwamba sukari ni kulidhulumu mumunye. Mwanawe hajibu kitu, yuko na sufuria, anakwangua.