Nani atamshika mtoto nikiandika?

Kila nikipiga simu Lamu, hakosi ndugu au shoga wa kuniuliza: "Na ule uandishi je? Huko si maktaba zimejaa?"

Zimejaa kweli. Ile kubwa ya Birmingham, mji wa Uingereza ninaoishi, ilifunguliwa 2013 kwa gharama ya karibu pauni milioni 190, na kuazima kitabu ni bure. Lakini 2015 halmashauri ilipobanwa na pesa, saa za kufungua zilikatwa kutoka 73 kwa wiki hadi 40. Zikapanda tena baadaye, kisha mwaka 2023 halmashauri yenyewe ikatoa tangazo la kuishiwa fedha. Sisi tunaotunza wazee kwa zamu, maktaba ile twaiona zaidi kupitia dirisha la basi.

Kwa vitabu vyenyewe sina ubishi, huku kumeshinda. Uingereza haitozi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye vitabu. Kenya ilianza kutoza asilimia 16 mwaka 2013, na kitabu hicho bado hakijavuka maji kufika kisiwani. Mzazi wa Lamu anayemnunulia mwanawe kitabu cha hadithi, kisicho cha mtihani, anastahili kupigiwa vigelegele.

Ninalolibisha ni la wakati. Watu wa nyumbani hudhani kwa kuwa Ulaya kila kitu kina saa yake, basi na mzazi ana saa yake ya kuandika. Saa zipo, lakini kila moja ina mwenyewe. Mzazi huandika pale mtu mwingine anapokuwa amemshika mtoto, na huku huyo mtu mwingine hulipwa kwa saa, tena ghali.

Tazama mchana wa kawaida Mkomani, mtaa wa Lamu. Mtoto akitoka skuli hula, akalala kidogo au akajifanya amelala, kisha huenda chuoni kusoma Kurani kwa miguu yake pamoja na wenzake. Gari hazipiti vichochoroni, kwa hiyo hatari kubwa ni punda mwenye mzigo wa mchanga asiyetaka kupisha mtu. Akichelewa kurudi, yuko kwa bibi yake, au kwa jirani, na huyo jirani ana ruhusa kamili ya kumkaripia. Hakuna aliyepanga ratiba, na mama amepata nafasi yake baina ya alasiri na magharibi.

Birmingham skuli hutoka kama saa tisa na robo, na mtoto mdogo haachiwi mpaka mtu mzima anayejulikana asimame mlangoni. Ukichelewa, simu inalia. Saa kumi na moja unampeleka madrasa, saa moja unamchukua, na katikati hapo kurudi nyumbani ni kupoteza petroli. Mimi huandika kwenye gari nje ya msikiti, daftari limeegemea usukani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kushoto na kulia wazazi wengine wamelala vinywa wazi. Sehemu kubwa ya niliyoandika tangu nihamie huku nimeiandikia hapo, na wasomaji wakali wameniambia hadithi zangu ni fupi mno. Madrasa ni saa mbili, nifanyeje?

Ila nisiipambe Lamu kupita kiasi. Nyumbani wa kukupokea mtoto wapo, lakini mwanamke akipokewa mtoto hutafutiwa kazi nyingine. Kaa kiwandani, yaani uani mwa nyumba, na kitabu mchana, wa kwanza atakayepita atakuuliza unaumwa nini. Mwanamume akikaa barazani anatikisa kichwa kutafuta kina, husemwa anatunga. Wapo mashoga zangu wa Langoni wanaonishinda mbali kwa ushairi. Hutunga kichwani wakikuna nazi, kisha hunitumia kwa sauti ya simu, na nyuma ya beti nasikia mtu akiita aletewe maji. Huku nikifungua kitabu haniulizi mtu kitu, kwa kuwa hakuna mtu.

Nikiyasema haya huambiwa: mbona Mwana Kupona alitunga, naye alikuwa mama? Alitunga, mwaka 1858, utendi unaosomwa hadi leo. Ila sikilizeni anavyoanza. Amwita binti yake aje aketi na wino na karatasi, kisha amweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Huyu alikuwa mjane wa shekhe wa Siyu, kisiwani Pate, nyumba yenye watumwa, na bado alizungumza na karatasi akiwa mgonjwa.

Hilo la kumwita binti, lakini, nimelichukua. Wangu wa miaka tisa sasa hukaa jikoni na daftari, mimi nakanda unga namtajia maneno, yeye anaandika. Kiswahili chake kinanyooka, na hunikatiza kila mara akitaka kujua kwa nini mtu fulani kwenye hadithi ni mjinga hivyo. Mara nyingine ana haki.

Agosti tunakuja, inshallah. Zawadi za kuwaletea ninazo kwenye orodha, msihofu. Nami nina ombi langu: alasiri watoto wapokeeni, waende pwani na binamu zao, wale huko huko. Na mkinikuta dakani, pale kibarazani mlangoni, na kalamu, msiniulize naumwa nini.