Hilux ya kilomita laki nne: tunaamini gari au tunaamini jina?

Dalali akikuonyesha pikapu kuukuu ya Toyota Hilux yenye kilomita 400,000, hahangaiki sana na mwaka wala rangi. Anafungua boneti na kukuambia, "Hii ni injini ya 5L, haina mambo ya umeme." Mabishano ya Toyota na Isuzu yanayokesha vijiweni yana nusu ya jibu lake hapo. Dalali anayeijua kazi yake anasifu injini, tena ya kipindi fulani, na nembo iliyo mbele ya gari inakuja baadaye.

Nianze na wanaoapa kwa jina la Toyota, kwa sababu wana haki zaidi kuliko wapinzani wao wanavyodhani. Hilux ipo tangu 1968. Dizeli zake za zamani, 2L, 3L na 5L, zilitumia pampu ya mafuta inayoendeshwa kimitambo, bila kompyuta, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuirudisha. Land Cruiser ya familia ya 70 ilitoka 1984, na injini yake ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita bila turbo, ndiyo iliyobeba miradi, mbuga za wanyama na polisi wa nusu ya Afrika. Pikapu za miraa zinazoshuka kutoka Maua kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kwa mwendo unaotisha, kwa miaka mingi zimekuwa Hilux. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake unapoteza thamani kila saa hachagui gari kwa mapenzi.

Halafu kuna spea. Ukiwa Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga Nairobi au soko la Kisekka Kampala, utapata bushi, ringi na gasketi za Hilux kabla chai haijapoa. Gari kuukuu mara nyingi haliuawi na ubovu wenyewe. Linauawa na kifaa kimoja kilichokosekana miezi mitatu likiwa juu ya mawe. Wengi wakinunua aina moja, maduka hujaza vifaa vyake, mafundi huizoea, gari hudumu, na wengine huifuata. Kwa hiyo uaminifu wa wateja ni sehemu ya uimara wenyewe. Hoja hii naikubali bila kusitasita.

Ninapoanza kutofautiana nao ni kwenye ushahidi. Mtu anakuonyesha pikapu ya miaka ishirini na tano inayopanda mlima na gunia thelathini, kisha anasema, "Unaona?" Naiona. Nisizoziona ni zile za umri huohuo zilizokatwa vyuma chakavu, ambazo hakuna anayezihesabu. Hata namba ya dashibodi haisemi yote, ukiacha kwamba inaweza kurudishwa nyuma. Mwaka 2016 pikapu ya Toyota Tundra ya 2007 huko Louisiana, Marekani, ilitimiza maili milioni moja, yaani kilomita milioni 1.6, na kampuni ikaichukua ili iifungue na kuichunguza. Ni jambo la kustaajabisha kweli. Lakini gari linalofikisha maili hizo ndani ya miaka tisa linashinda kwenye barabara kuu, injini ikiwa na joto lake sawasawa, na lile lilikuwa likipelekwa sevisi bila kukosa. Linganisha na pikapu ya kijijini inayowashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku, ikila vumbi na mashimo. Kilomita zake 120,000 zinaweza kuwa zimeichosha kuliko 300,000 za lami.

Na jina moja hubeba magari tofauti. Injini ya 2L-T, ile 2L iliyofungwa turbo, ilijulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemsha. Hilux za 3.0 D-4D zilizokuja mwaka 2005 na injini ya 1KD zilileta ugonjwa mwingine: washa za shaba zilizo chini ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zikivuja, masizi huingia kwenye oili, huganda kwenye chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini hukosa oili ikiwa njiani. Anayezibadilisha mapema husafiri kwa amani. Asiyejua huendelea kusema "Toyota haifi" mpaka siku inapojam.

Mifano ya nje ya kwetu ni mizito zaidi. Mwaka 2008 Toyota ilianza kununua tena pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 huko Marekani kwa sababu chesisi zilikuwa zikiliwa na kutu. Wa Tanga, Mombasa na Unguja, wanaojua upepo wa chumvi unavyotafuna chuma, wana sababu ya kulala chini ya gari na tochi kabla ya kutoa pesa. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio la moshi. Wapinzani nao wasishangilie: Uingereza kuna Nissan Navara za kizazi cha D40 zilizokatika chesisi kwa kutu.

Ford Ranger ya lita 3.2 ndiyo inayonifikirisha zaidi. Fundi wetu wa zamani, kwa nia njema kabisa, hufungua nati ya sampu na kuacha oili ichuruzike hadi tone la mwisho, pengine usiku kucha. Kwenye injini hiyo, pampu ya oili ikikauka inaweza kushindwa kuvuta tena, na ukiwasha unaiua. Gari likabeba jina baya kwa tabia iliyokuwa sahihi kwenye 5L. Isuzu nazo zisihukumiwe kwa jina tu. Kenya, ambako pikapu za Isuzu D-Max zinaunganishwa Nairobi, injini za 4JA1 na 4JJ1 zina mashabiki wanaozitetea kama ndugu, na si bure.

Umaarufu nao una gharama yake: kinachouzika sana ndicho kinachoghushiwa sana. Filta na nozeli feki za Toyota zimejaa kwa sababu wateja wamejaa. Injini za sasa hazivumilii hilo, maana zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya ba 1,000, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ujanja ulioifanya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, ianze mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta halali, 3L ingeyatema kwa kukohoa. 1KD inayalipia kwa nozeli nne.

Kwa hiyo nikiletewa Hilux ya 2008 yenye kilomita 400,000 na Isuzu ya mwaka huohuo yenye 250,000, sitaangalia nembo kwanza. Nitaomba risiti za washa za nozeli, nitaiwasha asubuhi ikiwa baridi nione moshi wake, nitagonga chesisi kwa nyundo ndogo, na nitamuuliza fundi wa jirani amewahi kufungua ngapi za namna hiyo. Mwenye Isuzu akiwa na majibu mazuri zaidi, nitaondoka na Isuzu.