Swichi ya bei rahisi ikae wapi?

Ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo uombe swichi: utaletewa ya taa. Ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta kwa nyaya, lazima uitaje, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Muuzaji anakuwekea mezani kiboksi cha plastiki chenye matundu manane. Fundi uliyekuja naye anatikisa kichwa, anataka ya chuma, ile inayosimamiwa, yaani unayoweza kuipangia mipangilio, yenye bei mara kadhaa ya hiyo.

Muuzaji ana hoja. Swichi isiyosimamiwa haidai mtaalamu: unachomeka nyaya, inajifunza yenyewe kompyuta ipi iko tundu lipi, kazi inaendelea. Duka lenye kompyuta mbili, printa na rauta lina haja gani ya zaidi? Na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, ukaiunguza, unanunua nyingine jioni ileile.

Shida huja biashara inapokua kimyakimya. Ofisi moja niliyoitwa Ilala ilikuwa na swichi tano za namna hiyo, zimefuatana kama mabehewa. Mtu wa usafi aliona waya unaning'inia, akauchomeka tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili iko kwenye swichi hiyohiyo. Ujumbe ambao kompyuta hutuma kwa zote ukawa unazunguka bila kikomo, mtandao mzima ukakwama. Kuusaka waya ule kulitugharimu nusu siku. Swichi inayosimamiwa ina kinga ya mizunguko, STP, iliyoingia mwaka 1990 kwenye viwango vya IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi. Ingelifunga tundu lile yenyewe. Tena ingewatenga wageni wa WiFi na kompyuta ya keshia kwa VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja vipande visivyoonana, maana pale walikuwa wanaonana.

Lakini fundi naye asishangilie mapema. Nimekuta swichi ghali zenye nywila ya kiwandani, VLAN moja, na aliyezifunga alishahamia Dodoma. Hicho ni kiboksi cha plastiki kilichovaa chuma. Swichi za tabaka la tatu, zinazopitisha data kati ya VLAN bila kuisumbua rauta, zina maana kwenye jengo la ghorofa kadhaa pale Posta. Kwingine naona ni mbwembwe.

PoE ndiyo nisiyobishia bei. Kamera na vifaa vya WiFi vinapata umeme kwa waya uleule wa mtandao, hadi mita 100, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) moja ikiibeba swichi, vyote vinabaki hai umeme ukikatika. Ila soma wati za jumla, usihesabu matundu. Kiwango cha mwaka 2003 kinaruhusu wati 15.4 kwa tundu, cha 2009 wati 30. Swichi ya matundu manane yenye wati 60 kwa jumla haiwezi kuyashibisha yote kwa viwango hivyo. Mchana kamera zinafanya kazi vizuri, usiku taa zake za infraredi zinawaka, matumizi yanapanda, moja baada ya nyingine zinazima. Lawama zinaishia kwa kamera.

Ofisi ile ya Ilala ilibadilisha swichi moja tu, ya katikati. Nne za plastiki bado zipo, ila kila moja sasa ina waya wake hadi katikati. Kosa likitokea, linakatwa tawi hilo peke yake. Nywila imo kwenye bahasha, kabatini kwa mhasibu.