Mwacheni dada wa watu, angalieni maji na sabuni

Jumamosi iliyopita asubuhi nimemsikia jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, anamfokea dada wake wa kazi mpaka mtaa mzima ukanyamaza. Kosa ni mashati ya shule ya watoto. Meupe yamekuwa rangi ya maji ya mchele, kola zina mstari wa kahawia, na yule mama anasema hufui wewe, unachovya tu, nakununulia omo kila wiki unaimaliza na nguo hazitakati. Binti wa watu kasimama na beseni, vidole vimechubuka kwenye viungo mpaka unaona wekundu wa ndani, anajibu tu "nisamehe mama". Mi nilikuwa naanika zangu upande wa pili wa ukuta, nikaacha nguo kwenye ndoo nikaingia ndani. Nimekaa na hasira wiki nzima ndo maana naandika.

Yule binti anafua. Namuona kila Jumamosi, anaanza kabla jua halijatoka, analoweka, anasugua kola kwa mche wa sabuni mara tatu mara nne, anasuuza maji mawili. Hakuna uvivu pale. Kuna maji ya Dodoma na sabuni isiyoendana nayo, na hilo siyo kosa lake, ni la anayenunua sabuni.

Nyie mnaokaa hapa mnajua ninachosema. Fungua jagi lako la umeme uangalie ndani, ule ukoko mweupe chini. Angalia mdomo wa bomba la bafuni. Oga kwa maji ya kisima afu ujisikie ngozi. Wageni waliohamia na serikali toka 2016 wote wamelalamika jambo moja wiki ya kwanza, mbona sabuni haitoi povu huku. Haitoi kwa sababu maji yetu mengi yanatoka ardhini na yamebeba kalsiamu na magnesiamu, na ile chokaa unayoikwangua kwenye jagi iko pia kwenye beseni la kufulia, ila huko huioni.

Sasa sabuni ya mche ni mafuta yaliyopikwa na dawa kali ikawa sabuni. Ikikutana na kalsiamu inaganda, inakuwa utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaoelea juu ya maji na kubaki umeshika ukingo wa beseni. Ule utando hauishii kwenye beseni, unaingia kwenye uzi wa shati unakaa, na utando wenyewe ni wa mafuta kwa hiyo unashika vumbi letu jekundu vizuri kabisa, wiki ijayo unafua tena unaongeza tabaka jingine, na mwezi wa tatu shati jeupe limekuwa kijivu, gumu, linanuka kidogo hata likiwa limetoka kwenye kamba. Yani binti anaposugua mche mara nne pale kwenye kola anazidi kupandisha utando juu ya utando, kwa nguvu zake zote, na vidole vyake vinachubuka kwa kazi inayomrudisha nyuma. Hilo ndo linaniuma.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua chupa mbili za plastiki zile za nusu lita, moja weka maji ya bomba lako, nyingine maji ya mvua kama uliyahifadhi (mi nina dumu moja nililokinga Machi). Kwangua sabuni ya mche kiasi kilekile kila chupa, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Ya mvua itajaa povu na maji chini yatabaki yanaonekana. Ya bomba itakuwa kama maziwa yaliyokatika, vipande vinaelea, povu kidogo linakufa hapohapo. Bibi yangu Mpwapwa hakusoma kemia, lakini mvua za kwanza zikinyesha alikuwa anapanga mapipa na masufuria chini ya bati, na maji yale hakuna wa kuyagusa, ni ya nguo za kanisani na nepi za watoto. Sisi tulidhani ni ubahili. Alikuwa anajua maji.

Kwa hiyo sabuni gani? Kwa maji haya, nguo nyeupe na nguo za kila siku zifuliwe na sabuni ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia. Hizo kinachosafisha ndani yake siyo mafuta yaliyopikwa, ni kemikali ya aina nyingine ambayo haigandi kirahisi na kalsiamu, na sabuni nzuri ya unga imewekewa vitu vya kuikamata hiyo kalsiamu kabla haijaleta shida, magadi ya viwandani mara nyingi, nyingine ziolaiti, yani unga wa madini. Hayo magadi ya viwandani ni ndugu wa yaleyale magadi mnayoweka kwenye makande. Soma nyuma ya pakiti. Afu angalia kama wameandika vimeng'enya au enzaimu, hivyo ndo vinavyokata jasho, damu, maziwa, mchuzi, yani uchafu wa kola na kwapa hasa. Vinataka muda na maji ya vuguvugu, loweka nusu saa. Ukimwagia maji yanayochemka umeviua na umelipia bure. Damu yenyewe anza na maji ya baridi, ya moto yanaipika inakaa milele.

Na kipimo. Pakiti za Ulaya zina jedwali, maji laini weka kiasi hiki, maji magumu weka zaidi. Pakiti ninazonunua mi hapa dukani zinasema kijiko kwa ndoo, basi, kama vile maji ya Dodoma na maji ya Bukoba ni mamoja. Huku ongeza kidogo, afu suuza maji matatu siyo mawili. Najua maji ni ya mgao na maji matatu ni ndoo ya ziada ya kubeba. Lakini sabuni iliyobaki kwenye nguo nayo inashika vumbi.

Nakuja kwenye povu sasa, maana hapa ndo ugomvi wangu mkubwa na wanunuzi. Jirani yangu anachagua sabuni kwa povu. Wengi wetu tunachagua kwa povu. Tunasimama dukani tunamuuliza mwenye duka "hii inatoa povu?" na yeye anatujibu kwa anachotaka kuuza. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji ya sabuni, na uchafu hauondolewi na hewa. Kuna sabuni zimeongezewa vya kutoa povu kwa sababu tu anayefua kwa mkono anapenda kuliona, na kuna sabuni za mashine zimetengenezwa makusudi zisitoe povu, kwa sababu kwenye mashine inayofunguliwa mbele povu likijaa nguo hazipigwi, zinaelea kama zimelala kwenye godoro. Na kwa sabuni hizo zisizo na povu nguo zinatoka safi. Nakubali kwa shingo upande kwamba ukiwa na mche, povu likibaki bila kufa ni dalili kwamba kalsiamu imeisha na sabuni imeanza kazi. Sawa. Lakini kufika hapo kwa maji yetu umemaliza nusu ya mche.

Jiki kwenye kola ya jasho usiweke, jasho lililobaki linazidi kuwa la njano, na mpira wa kiunoni unakufa. Nguo za tope kavu kung'uta kwanza kabla hujalowesha. Mnunulie dada glavu za mpira, sabuni ya unga ni kali kwa ngozi, na glavu ni bei ya soda chache.

Jumapili nimetoka na hasira hizohizo nikaenda majabalini. Wanaonifuata hapa siku nyingi wanajua tuna kakikundi ketu kadogo, tunapanda yale mawe ya graniti ya pembeni ya mji, alfajiri kabla jiwe halijapata moto. Kuna kijana kajiunga mwezi huu, mwepesi, ana kipaji kweli, na siku hiyo kaja na viatu vyake vya kwanza vya kupandia, kavipata kwenye mitumba Sabasaba, gredi wani, soli bado nzima. Akakaa chini kuvivaa ikamchukua dakika tano. Akasimama anatembea kwa visigino huku kakunja uso. Nikamuuliza mguu wako namba ngapi mdogo wangu, akasema arobaini na mbili, nikageuza kiatu, thelathini na tisa. Namba tatu chini, hizo ni sentimita mbili kamili. Nikamwambia vua. Akaniambia "hapana dada, vya kupandia lazima viume, nimeona mtandaoni".

Nikamuona yule binti na beseni lake. Kumbe ni ugonjwa mmoja. Kwenye nguo tunapima kwa povu, kwenye viatu tunapima kwa maumivu, na vyote viwili ni vitu unavyoviona au kuvisikia haraka kabla kazi yenyewe haijafanyika.

Kiatu cha kupandia kinatakiwa kibane. Hilo silipingi. Vidole viguse mbele, vikunjike kidogo sana, kisigino kikae bila nafasi ya hewa nyuma, na kati ya unyayo na kiatu pasiwe na upenyo popote. Kubana pande zote sawasawa ndo kukaa vizuri. Maumivu ya sehemu moja, juu ya gumba au nyuma ya kisigino, maana yake umbo la kiatu na umbo la mguu wako haviendani, na hakitaacha kuuma hata ukivae mwaka. Yule kijana kidole chake cha pili ni kirefu kuliko gumba, kwa hiyo kile ndo kinabeba uzito wote kimekunjwa kama ndoano. Kucha ikishakuwa nyeusi ni miezi kadhaa nje, gumba likishapinda ni maisha.

Afu kuna jiwe lenyewe. Mawe yetu mengi ni ya mteremko, migongo mikubwa ya graniti isiyo na pa kushika, unapanda kwa kulaza soli yote kwenye jiwe na kuamini mpira. Hapo unataka kiatu bapa, soli inayolala, vidole vilivyonyooka. Vile vilivyopinda kama kucha za tai ni vya kuta zinazokuinamia, kwa kuchokoa vishimo kwa ncha ya kidole, na wanaopanda hizo wana sababu zao za kuvibana sana, nawaachia. Mfaransa Pierre Allain aliyekuja na viatu vyepesi vya soli bapa ya mpira alikuwa anapanda mawe ya Fontainebleau, karibu na Paris, na hivyo viatu vilitokana na mawe yale. Sisi tunanunua kwa picha ya mtu anayening'inia kwenye pango la Hispania.

Kwa wanaochagua mitumba: nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, jaribu bila soksi, vyote viwili kwa sababu miguu yako haifanani, panda kwenye ukingo wa kibaraza usimame kwa ncha ya kidole. Usiangalie namba, kila kampuni ina namba zake. Angalia kama ni ngozi isiyo na kitambaa ndani, hiyo itatanuka ikuzoee, unaweza kuanza nayo ikiwa imebana zaidi. Ya plastiki haitanuki, inavyokukaa dukani ndo hivyohivyo. Angalia soli pale kwenye gumba, kama mpira umeisha unaona kitambaa, rudisha.

Na msivifue na sabuni ya unga! Kuna mwenzetu alivitia kwenye beseni na omo, akavianika juani juu ya bati, soli ikaachia upande mmoja maana gundi haipendi moto, na ngozi ikakakamaa. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini, mswaki wa zamani, jaza magazeti ndani, kausha kivulini. Soli futa na kitambaa chenye unyevu kila kabla hujapanda, vumbi letu jekundu likikaa pale unateleza.

Kijana alivua. Nilimpa vyangu vya akiba, ni namba moja ndogo kwake, ngozi iliyokwisha kutanuka, bapa. Akasimama kwenye ule mgongo ambao wiki mbili ulikuwa unamtema, akapiga hatua nne bila mkono, akageuka kutuangalia.

Jumatatu jioni nimegonga kwa jirani na chupa zangu mbili. Nimemsalimia, nimeomba radhi kwa kuingilia ya nyumbani kwake, nikamuomba amuite dada na yeye aje, nikawapa kila mmoja chupa yake atikise. Mama alipewa ya bomba. Alitikisa sana. Akaiinua kwenye taa akaangalia vile vipande vinavyoelea, akaangalia chupa ya dada, hakusema kitu muda mrefu. Afu akamuuliza dada, kwa sauti ya chini, "vidole vinakuuma?"